Je, Wajua? Mbinu ya Bingwa Huzeeka

Je, wajua kwamba mchezaji anayeshinda kila siku kwa mbinu ileile ndiye anayewafundisha wapinzani namna ya kumfunga? Pita Keko, wilayani Temeke, kwenye karakana za samani, utazame mafundi wakicheza drafti ya visoda. Mtego uliowanasa wengi juzi leo unakwepwa, na aliyeubuni inambidi atafute mwingine.

Lakini kwenye drafti kila kisoda kiko wazi. Kwenye karata za poka mengi yamefichwa, hivyo kudanganya ni sehemu halali ya mchezo. Anayedanganya mno hugundulika, na wenzake huacha kuliogopa dau lake. Asiyedanganya kabisa naye husomeka kwa urahisi: akipandisha dau tu, wote wanatupa karata na yeye anaambulia kidogo. Ndiyo maana mbinu za poka hazitulii. Kila dawa huzaa dawa yake.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa Januari 2017, mjini Pittsburgh, Marekani. Programu ya kompyuta iitwayo Libratus ilicheza michezo 120,000 ya poka dhidi ya mabingwa wanne wa kulipwa, kwa siku 20. Kila jioni mabingwa hao walikaa pamoja kuchambua udhaifu wake. Usiku huohuo kompyuta nayo ilikuwa inaziba mianya waliyoipenya mchana, hivyo kesho yake walikuta mlango umefungwa. Mashindano yalipokwisha, hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyetoka na faida.