Konabeki: Mlinzi Anayepimwa kwa Pasi Zisizorushwa

Katika futiboli ya Kimarekani, ambamo kila timu huingiza uwanjani wachezaji 11 na kupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10, yaani mita 9 na ushei, konabeki ni mlinzi anayesimama pembezoni mwa uwanja na kukabidhiwa mpokeaji, yule mwenye mbio wa timu pinzani ambaye kazi yake ni kudaka pasi za kwotabeki, mpanga mashambulizi. Mpokeaji anajua anakokwenda. Konabeki hajui, na mara nyingi hulazimika kuanza kazi yake akikimbia kinyumenyume. Kila mwezi wa Aprili timu 32 za ligi ya kulipwa ya NFL hugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu kwa utaratibu wa uteuzi ulioanza mwaka 1936 na ambao sasa una raundi saba. Miongoni mwa vijana hao, konabeki huwasumbua sana skauti, yaani wasaka vipaji wa timu, kwa sababu aliye bora hukimbiwa: kwotabeki huona mpokeaji amefunikwa na kurusha pasi upande mwingine, nayo kazi iliyofanywa vizuri haiachi alama yoyote katika kumbukumbu za mchezo.

Hapo ndipo takwimu zinapopotosha. Takwimu inayopendwa na mashabiki ni idadi ya pasi ambazo mlinzi amezinasa, lakini ili anase pasi ni lazima kwanza arushiwe. Derek Stingley Jr. wa Chuo Kikuu cha Louisiana State alinasa pasi sita mwaka 2019, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika timu iliyotwaa ubingwa wa taifa, kisha katika misimu miwili iliyofuata, ambayo ilikatizwa na maradhi na jeraha la mguu, hakunasa hata moja. Aliyesoma hesabu peke yake angesema kipaji kimezimika. Houston Texans walimchukua wa tatu katika uteuzi wa mwaka 2022, na kufikia mwaka 2024 alikuwa kwenye kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi nzima. Aliyemfuata katika zamu ya nne, Ahmad Gardner wa Cincinnati, anayefahamika zaidi kwa jina la Sauce, alikuja na rekodi iliyojaa ukimya: katika misimu mitatu ya chuo hakuruhusu tachidauni, yaani bao la alama sita, hata moja upande wake.

Kwa kuwa kamera ya televisheni huufuata mpira na kumwacha konabeki nje ya picha kwa sehemu kubwa ya mchezo, skauti hutumia mikanda inayopigwa kutoka juu, inayoonyesha wachezaji wote 22 kwa pamoja, na macho yao huanzia miguuni. Mlinzi aliyefundwa vizuri hurudi nyuma akiwa amekunja magoti, kifua kimeinama mbele, nyayo zikipita karibu kabisa na nyasi, na mpokeaji anapokata kona ghafla, yeye hukita mguu mmoja na kufyatuka kumfuata. Ambaye hajaiva huongeza hatua moja fupi ya kujiweka sawa kabla ya kubadili mwelekeo. Kwa mtazamaji wa kawaida hatua hiyo haionekani, lakini inampa mpokeaji mwanya wa mita moja, na kwotabeki wa NFL haombi zaidi ya hapo. Baada ya miguu hutazamwa nyonga, yaani wepesi wa kugeuka kutoka kukimbia kinyumenyume hadi kukimbia mbele bila kupoteza kasi, na mwishoni kabisa macho. Wapo walinzi wanaokimbia bega kwa bega na mpokeaji umbali wa mita 40 na bado wakafungwa, kwa kuwa hawajui wakati wa kugeuza kichwa kuutafuta mpira. Kasoro hiyo ni nzito kuliko upungufu wa mbio, ingawa mazungumzo ya mashabiki hutawaliwa na mbio.

Hata mkanda ukionyesha mambo mazuri, skauti hana budi kukumbuka kwamba mchezo wa vyuoni na ule wa kulipwa haifuati kanuni zilezile. Katika NFL mlinzi anaruhusiwa kumsukuma mpokeaji ndani ya yadi 5 tu kutoka mstari wa kuanzia mchezo, kanuni iliyotiwa nguvu mwaka 1978. Vyuoni mpaka huo haupo, hivyo kijana mwenye mikono mizito anaweza kumkorofisha mpokeaji kwa muda mrefu zaidi. Kosa la kumzuia mpokeaji asidake pasi huadhibiwa vyuoni kwa yadi zisizozidi 15, ilhali katika NFL mpira hupelekwa pale pale kosa lilipotendeka, hata kama ni yadi 40 mbele. Uwanja wenyewe nao huchezwa kwa namna tofauti. Upana wake ni mita 48.8 kote kuwili, lakini mistari midogo ya katikati inayoamua mpira uwekwe wapi imeachana kwa mita 12.2 vyuoni na mita 5.6 tu katika NFL, maana yake ni kwamba mpira wa chuo ukiwekwa kwenye mstari wa upande mmoja, upande huo unabaki na mita 18 hivi, na konabeki anayelinda eneo hilo finyu husaidiwa na mstari wa pembeni kama aliyepewa mlinzi wa ziada. Akihamia NFL, upande ulio mwembamba kabisa huwa na zaidi ya mita 21.

Vipimo vya mwili huchukuliwa kila mwaka mjini Indianapolis, ambako vijana waalikwa hukimbia yadi 40, sawa na mita 36.6, hupimwa urefu wa mikono, na huhojiwa na makocha. Gardner alitumia sekunde 4.41, muda mzuri kwa mtu mrefu kama yeye. Richard Sherman wa Stanford, aliyekuwa mpokeaji kabla ya kuhamishiwa ulinzini, alitumia zaidi ya sekunde 4.5, na mwaka 2011 akasubiri hadi zamu ya 154. Seattle Seahawks walimchukua kwa sababu walitaka walinzi warefu wa kuwabana wapokeaji kuanzia mstari wa mwanzo, mfumo unaothamini mikono kuliko saa. Miaka miwili baadaye aliongoza ligi kwa kunasa pasi nane. Kinyume chake, Trent McDuffie wa Washington alionekana kuwa na mikono mifupi, chini ya inchi 30, lakini Kansas City Chiefs walimchukua wa 21 mwaka 2022, wakamtumia sana katikati ya uwanja ambako wepesi na ujasiri wa kukaba vina thamani kubwa kuliko urefu, na mwaka uliofuata akaingia kikosi cha kwanza cha ligi. Kumtaja konabeki kuwa mzuri bila kutaja mfumo atakaochezea ni maneno nusu.

Linabaki suala ambalo mkanda hauwezi kulijibu, nalo ni afya, ambayo madaktari wa timu huikagua kiungo kwa kiungo. Jeff Okudah wa Ohio State alikuwa na miguu, nyonga, mikono na kasi, na mwaka 2020 Detroit Lions walimchagua wa tatu, nafasi ambayo konabeki hakuwahi kuifikia tangu Shawn Springs mwaka 1997. Mwaka wake wa kwanza uliishia kwa upasuaji, na katika mchezo wa kwanza wa msimu wa pili kano ya kisigino ilikatika. Mwezi Aprili 2023 Detroit walimpeleka Atlanta, na walichopata ni zamu moja ya raundi ya tano, raundi ileile alikopatikana Sherman.