Misitu ya Mabara: Eneo Lake na Hali Yake (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulibainisha kinachoitwa msitu katika hesabu za dunia, nacho ni ardhi iliyozidi nusu hekta, yenye miti ipitayo mita 5, ambayo vilele vyake hufunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi hiyo. Sasa na tuyaweke mabara kwenye mizani moja, tuone lipi limezidi na lipi limepungua, na kwa sababu gani.

Kwa mujibu wa tathmini ya mwaka 2020 ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, misitu yote ilikadiriwa kuwa hekta milioni 4,060, chini kidogo ya thuluthi ya nchi kavu. Ulaya ndiyo iliyotangulia kwa milioni 1,017. Lakini msomaji asighurike na cheo hicho, kwa kuwa Urusi nzima, pamoja na Siberia iliyoko Asia, imehesabiwa upande wa Ulaya, na humo ndimo zilimo takriban sehemu nne katika tano za misitu hiyo. Amerika ya Kusini ilikuwa na milioni 844, Amerika ya Kaskazini na ya Kati milioni 753, Afrika milioni 637, na Asia milioni 623.

Ama tukirejea mwaka 1990, twaona Afrika ilikuwa na milioni 743 na Asia milioni 585. Yaani katika miaka 30 Afrika imepoteza zaidi ya milioni 100, ilhali Asia imeongeza karibu milioni 38. Amerika ya Kusini nayo imepata hasara kubwa, aghalabu kwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya soya, lakini kasi yake ilishuka kwa nusu baada ya mwaka 2010. Kasi ya Afrika imezidi kila muongo, hata ikafikia hekta milioni 3.9 kwa mwaka, kwa sababu ya mashamba ya chakula, kuni, na mkaa unaopikiwa mijini.

Hata hivyo, faida ya Asia yataka kuchunguzwa. Sehemu kubwa yake yatokana na China, ambayo baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze mwaka 1998 ilizuia ukataji katika misitu mingi ya asili, ikapanda miti kwa wingi. Na wakati huohuo misitu ya asili ya Indonesia ilikuwa ikifyekwa kwa ajili ya michikichi. Hesabu ya jumla huficha msiba wa mmoja ndani ya neema ya mwenziwe.

Mfano tunao kwetu. Huko Sao Hill, wilayani Mufindi, misindano imesimama safu kwa safu, ya rika moja, ikingoja msumeno. Na ni mali yenye manufaa, maana mbao zake hutupunguzia haja ya kukata miti ya asili. Lakini huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, chini ya miti mirefu, kwenye mawe yenye unyevu, huota ua dogo la rangi ya urujuani ambalo leo hupamba madirisha ya Ulaya, na asili yake ni milima ya pande zetu. Hekta ya Sao Hill na hekta ya Amani huandikwa sawa daftarini, ilhali ya kwanza hupandwa upya baada ya kuvunwa, na ya pili ikifyekwa haina wa kuirudisha.

Kwa hiyo insafu yataka misitu ya asili na ya kupandwa itazamwe mbalimbali kila mabara yanapolinganishwa. Ni kweli kwamba Ulaya ilikwisha fyeka misitu yake mingi karne nyingi kabla ya hesabu hizi kuanza, wala haina haki ya kutuhubiria kana kwamba mikono yake ni safi; lakini taksiri ya jirani haituachii mvua wala chemchemi. Tanzania peke yake ilipoteza zaidi ya hekta 400,000 kila mwaka kati ya 2010 na 2020, na hasara hiyo ni yetu sisi kuizuia.

Katika sehemu ya tatu tutaeleza habari za mkaa: nani huuchoma, nani huununua, na nini chaweza kushika mahali pake jikoni.