Usingizi wa Mtu Aliyeumia Kichwa

Mtu akianguka mnazini, au akitupwa na pikipiki akaumia kichwa, jamaa zake humwuguza mpaka jeraha lifunge, kisha husema, "Amepona." Lakini aghalabu baada ya majuma machache huonekana jambo la pili: usiku hukesha, na mchana husinzia shambani au darasani. Wengine humwita mvivu, na wengine husema amerogwa. Twapenda wasomaji wetu wajue ya kuwa sababu yaweza kuwa ubongo wenyewe.

Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo iliyo kama saa ya mwili. Huongozwa na mwanga wa jua; na giza liingiapo huamrisha tezi moja itoe homoni iitwayo melatonini, iutayarishayo mwili kulala. Ubongo ukitikiswa kwa nguvu, saa hii yaweza kupotea majira yake. Maumivu ya kichwa na huzuni nazo huzidisha kukesha.

Wako wakimbiliao dukani kununua vidonge vya usingizi. Tahadharini! Dawa za namna ya diazepamu humlaza mtu, lakini asubuhi zaweza kumwacha amelegea, msahaulifu, akipepesuka hata aanguke tena. Tena mwili huzizoea, hata azikosapo asilale kabisa. Zikichanganywa na pombe, pumzi yaweza kukatika.

Iko na hatari ya upande wa pili. Baadhi ya walioumia kichwa hushikwa na kifafa, wakapewa fenobabitoni, dawa itumikayo kwa kifafa tangu mwaka 1912. Dawa hii yaweza kuleta usingizi wa mchana. Mgonjwa akichoshwa nao akaiacha ghafula, kifafa huweza kumrudia kwa nguvu kupita kwanza. Asiiache, bali amweleze daktari, naye ndiye atakayepunguza kipimo au kubadili dawa.

Tiba ya kwanza ni desturi njema: aamke saa ile ile kila siku, apate mwanga wa jua asubuhi, mchana asilale kupita nusu saa, wala asinywe chai au kahawa baada ya adhuhuri. Hayo yasipofaa, daktari aweza kumpa melatonini au dawa nyingine, kwa kipimo na kwa muda.

Lakini siku za kwanza baada ya kuumia, mtu akilala akawa haamshiki, au akitapika mara kwa mara, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, huo si usingizi wa kupumzika. Achukuliwe hospitali saa ile ile.

Nanyi machifu na waalimu, mtu akishitakiwa uvivu barazani, au mtoto akisinzia darasani, ulizeni kwanza: "Je, amepata kuumia kichwa?" Swali hilo moja laweza kumwokoa na aibu, likamfikisha kwa daktari.