Kutoka Bugendana hadi Dar es Salaam: Kwa nini Jumatatu humpoteza mwanafunzi wa Burundi?

Mwanafunzi anayetoka tarafa ya Bugendana, mkoani Gitega, kwenda kuanza masomo Dar es Salaam huonywa na jamaa zake kuhusu wezi, joto na ukubwa wa jiji. Ni nadra kuonywa kuhusu neno "Jumatatu", ingawa neno hilo laweza kumkosesha usajili.

Kirundi huhesabu siku kuanzia mwanzo wa wiki ya kazi: "ku wa mbere", "ku wa kabiri", "ku wa gatatu". Kiswahili huanza kuhesabu baada ya Ijumaa, siku ya sala ya jamaa ya Waislamu, hivyo Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, na Jumatatu ya tatu. Sikio la Mrundi linaposikia "tatu" hukimbilia "ku wa gatatu", yaani Jumatano. Akiambiwa na karani kwamba usajili unafungwa Jumanne, naye akafika "ku wa kane", atakuta shughuli ilikwisha siku mbili nyuma.

Mtego uko hapo: si katika mambo mageni, bali katika yale yanayofanana. Lugha hizi mbili ni ndugu, na mgeni hutambua mara moja kwamba "gatanu" ni tano, "umunani" ni nane na "cumi" ni kumi. Lakini sita, saba na tisa Kiswahili kiliziazima kutoka Kiarabu, wakati Kirundi kina "gatandatu", "indwi" na "icenda". Namba hizo tatu afadhali zikaririwe kabla ya safari, kwa kuwa kondakta wa daladala hana muda wa kurudia nauli. (Na "ijana" kwa Kirundi ni mia moja, si siku iliyopita.)

Safari yenyewe, kutoka Gitega, hupitia Karuzi na mji wa Muyinga hadi mpaka wa Kobero. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni nchini Burundi umefanya hata kipande hicho kifupi kuwa kigumu kupangiwa saa. Tangu Burundi ilipofunga mipaka yake ya ardhini na Rwanda mnamo Januari 2024, njia ya Tanzania imekuwa tegemeo pia la wanaokwenda Kampala.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua haki ya wanafunzi kuvuka mipaka. Hata hivyo, muhuri wa kuingia si kibali cha kusoma. Hicho hufuatiliwa kupitia chuo. Barua ya udahili na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zikae mkononi, si ndani ya begi lililofungwa juu ya basi.

Upande wa pili, Kabanga, saa husogea moja mbele. Wenyeji wa Ngara huzungumza Kihangaza, ambacho kinakaribiana sana na Kirundi, kwa hiyo msafiri hudhani bado yuko nyumbani. Ni hapo ndipo saa ya mkononi ambayo haikurekebishwa humfanya aachwe na basi la alfajiri.

Magari nayo hupita kushoto. Nchi zote mbili zilikuwa chini ya Ujerumani hadi Vita vya Kwanza vya Dunia; baadaye Burundi ikaangukia kwa Ubelgiji na Tanganyika kwa Uingereza, kila mmoja na desturi yake ya barabarani. Anayevuka barabara Dar es Salaam aangalie kulia kwanza.

Maelekezo ya kaka aliyesoma huko zamani nayo yapimwe. Wengi watasema "shuka Ubungo", lakini tangu Februari 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani ni Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, nje zaidi ya jiji. Kutoka hapo, anayekwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam bado ana safari ya kuelekea Ubungo kupitia Kimara. Akingoja daladala kando ya Barabara ya Morogoro, asimame upande wa kushoto, uso ukielekea mjini. Akisimama kulia, kama alivyozoea Gitega, itakayosimama itampeleka Kibaha.