Kuumwa na Nyoka: Jambo la Kijiji Kizima

Wazee wetu walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo yatufundisha hadhari, nasi twaisifu. Lakini mwenye kuitumia ni yule aliyeumwa akapona. Wapo wengi ambao hawakupata nafasi ya kushtuka mara ya pili, na habari yao ndiyo tunayotaka kuwaeleza wasomaji wetu leo, hasa machifu, wazee wa vijiji na walimu, maana hao ndio wanaosikilizwa na watu.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa kila mwaka watu kama 5,400,000 huumwa na nyoka. Si wote wanaoingiwa na sumu. Lakini watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa, na wale wanaokatwa kiungo au kubaki na kilema cha daima ni kama mara tatu ya hao. Mwaka 2017 Shirika hilo liliandika sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na vilema hivyo kwa nusu kufikia mwaka 2030. Na tukitazama ni nani wanaoumwa, twaona ni mkulima aliye shambani, mchungaji, mama aokotaye kuni, na mtoto aendaye shule bila viatu.

Katika Afrika ya Mashariki nyoka wa kuogopwa si wa namna moja. Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, hulala kimya njiani wala hakimbii mtu akimkaribia, basi hukanyagwa. Sumu yake huvimbisha kiungo, huleta maumivu makali na kuozesha nyama. Koboko sumu yake hushika mishipa ya fahamu: kope za macho huanguka, ulimi huwa mzito, kumeza kunashindikana, na mwisho pumzi hukatika, haya yote yaweza kutokea kwa saa chache tu. Swila naye huuma, tena hutema sumu machoni. Aliyetemewa na aoshwe macho mara moja kwa maji safi mengi, kisha apelekwe kwa tabibu.

Sasa twaja kwenye jambo linalowapoteza watu wengi. Mtu akiumwa, mara nyingi hupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, akapakwa dawa, au akawekewa jiwe jeusi la kunyonya sumu. Wengine hupona, na sifa za dawa ile huenea. Lakini yafaa tujue kwamba nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata yule mwenye sumu kali mara nyingine huuma bila kuitoa. Mtu wa namna hiyo angepona hata kama angepakwa majivu matupu. Siku atakapokuja yule aliyeingiwa na sumu kweli, jiwe halitamsaidia, na saa zilizopotea hazirudi. Hatusemi haya ili kuwavunjia heshima waganga, twawaomba wawe wa kwanza kusema, "Huyu apelekwe hospitali sasa hivi."

Yako na mambo mengine yanayofanywa kwa nia njema, nayo huongeza madhara. Kukaza kamba juu ya jeraha huzuia damu isipite, na kiungo chaweza kufa na kukatwa. Kupiga chale ni hatari, maana sumu za nyoka wengine huizuia damu isigande, na jeraha hutoka damu bila kukoma. Kunyonya jeraha kwa kinywa hakutoi sumu. Wala asipewe pombe. Nyoka naye asifuatwe ili auawe, kwa kuwa mara nyingi anayemfuata ndiye huwa mgonjwa wa pili.

Lililo jema ni hili. Mgonjwa aondolewe mahali palipo nyoka, alazwe, atulizwe moyo, wala asitembee, kwa sababu mwendo huisukuma sumu mwilini. Pete, bangili na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe. Kiungo kilichoumwa kifungwe mabanzi taratibu, kama mfupa uliovunjika, kisitikisike. Akitapika au akilegea, alazwe ubavu asije akapaliwa. Saa aliyoumwa ikumbukwe, na safari ianze.

Huko hospitali dawa ipo ya kushindana na sumu. Albert Calmette wa Ufaransa alieleza habari zake mwaka 1894, na hata leo njia ni ile ile: farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ipate nguvu ya kuipinga, kisha maji ya damu ile hutolewa na kusafishwa. Lakini dawa hii ina masharti yake. Kwanza, lazima ilingane na nyoka wa nchi. Iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Bara Hindi haiwezi kutegemewa kwa nyoka wa Afrika. Pili, yaweza kumdhuru mgonjwa mwingine, basi yataka tabibu aliye tayari kumhudumia. Tatu, huizuia sumu, lakini nyama iliyokwisha kuoza hairudishi. Tena ni ghali na haipatikani kila mahali. Dawa moja iliyotumika sana Afrika, iitwayo Fav-Afrique, iliachwa kutengenezwa mwaka 2014, na chupa zake za mwisho muda wake ulikwisha mwaka 2016.

Kwa hiyo kijiji kisichojua dawa iko wapi kitatangatanga usiku na mgonjwa, kutoka zahanati hii mpaka ile, huku pumzi yake ikipungua. Tujifunze kwa watu wa Nepal. Huko kusini-mashariki mwa nchi hiyo, karibu na mji wa Damak, wanavijiji walifundishwa habari za nyoka, na wenye pikipiki wakajitolea kuwachukua walioumwa wakati wowote. Mgonjwa aliketi katikati, mbele yake dereva, na nyuma yake mtu wa kumshika. Habari zao zilichapwa mwaka 2013. Kabla ya mpango huo, katika kila watu 100 walioumwa, kama 10 walikufa. Baadaye hawakufikia hata mmoja. Hawakujenga hospitali kubwa. Waliyafupisha yale masaa ya kwanza.

Je, sisi pikipiki hatunazo? Zimejaa kila njia panda. Basi twawasihi wakuu wa vijiji wafanye mambo matatu kabla ya mvua zijazo. Waulize kwa tabibu wa wilaya ni hospitali gani yenye dawa ya nyoka, na waulize tena mara kwa mara. Wapatane na wenye pikipiki wawili au watatu, na namba zao za simu ziandikwe mahali pa wazi, shuleni na dukani. Tena waweke akiba ndogo ya mafuta, ili mgonjwa asingoje nauli ichangwe.

Nao walimu wawafundishe watoto jinsi ya kujikinga: kutembea usiku na taa na fimbo, kuvaa viatu shambani, kutotia mkono katika shimo wala chini ya kuni bila kutazama, kufyeka majani karibu na nyumba, kuwafukuza panya ghalani kwa kuwa nyoka huwafuata, na kulala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka. Kile ambacho mtoto amejifunza shuleni jioni atakieleza nyumbani.

Nyoka hatutawamaliza, wala haifai, maana hao ndio walao panya wa mashamba yetu. Lakini mtu kufa kwa kukosa kuchukuliwa mapema, hilo lategemea sisi wenyewe. Kikao cha kijiji kijacho kinatosha kuanza.