Kutazama Matumbawe kwa Usalama

Sisi wa Uru tumezoea mifereji na mito ya mlimani. Bahari ni jambo jingine. Vijana wetu wakifika Unguja, au Mafia penye hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, hupenda kutazama samaki wa matumbawe kwa miwani ya maji na mrija wa kupumulia. Ni vizuri, lakini tuzingatie haya:

1. Tujifunze kwanza kwenye maji ya kiunoni, tukipumua polepole kwa mdomo. Maji yakiingia mrijani, tusimame, tuupulize kwa nguvu.
2. Tuvae jaketi la kuokolea, twende na mwenyeji anayejua mikondo. Asiende mtu peke yake.
3. Tusikanyage matumbawe: yanakata, nayo ni viumbe hai.
4. Aliyekunywa mbege asiingie majini. Mwenye kifafa, pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya safari.

Aliyezama asipopumua, tusimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Tumlaze chali, tumbane pua, tumpulizie mdomoni mara 5. Kisha tubonyeze kifua mara 30, tupulize mara 2, tukirudia hivyo mpaka apumue au msaada ufike.