Kushona Ushanga Juu ya Kitambaa

Kushona ushanga ni kazi nzuri ya saa za mapumziko. Haiko ngumu, lakini inataka uvumilivu.

Katika karne ya 19 ushanga ulikuwa kama feza hapa Maniema. Wafanya biashara wa pwani waliofika Nyangwe na Kasongo waliununulia chakula, na kila nchi ilitaka rangi yake. Mwingi ulitoka Venice, kule Italia. Walega walishona simbi na vifungo juu ya kofia za Bwami. Wakuba wa Kasai wanashona ushanga na simbi juu ya mavazi ya mfalme wao.

Sasa namna ya kufanya. Tafuta sindano nyembamba sana na uzi wa nguvu, uupake nta ya nyuki. Kitambaa kikiwa chepesi, weka kingine kigumu chini yake. Chora mfano kwa kalamu ya risasi. Piga fundo, toa sindano juu, tia shanga nne, zilaze kwenye mstari, kisha shusha sindano. Itoe tena kati ya shanga ya pili na ya tatu, upite ndani ya mbili za mwisho. Tia nne zingine, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Juu ya nini kurudi nyuma? Kama uzi unakatika pahali pamoja, shanga nyingi zinabaki. Asiyerudi nyuma, kazi yake ya juma zima inamwagika chini siku moja, naye anaokota.